Omuwanika: Neno Moja, Cheo Kimoja na Maili 16 za Ardhi

Makala hii ilianza kama zoezi la tafsiri lililonishinda. Katika muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alituletea ukurasa mmoja na nusu wa Kifaransa juu ya maisha ya Nicolas Fouquet, aliyesimamia fedha za mfalme Louis XIV kuanzia 1653 hadi 1661. Alitutaka tuuweke katika Kiswahili ambacho mama anayeuza makayabo sokoni Bunia angekifuata bila kuuliza. Niliumaliza kwa siku mbili, isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza palikuwa cheo chake, surintendant des finances. Pa pili palikuwa neno dogo kabisa, terres, katika sentensi inayosema kwamba bwana huyo alikuwa na ardhi nyingi.

Niliandika “waziri wa fedha”. Mwalimu alilizungushia duara jekundu, akauliza pembeni: bungeni gani? Alikuwa na haki. Waziri wa fedha, kwa masikio yetu, ni mtu anayesoma bajeti mbele ya wabunge na ambaye wabunge wanaweza kumwondoa. Fouquet hakusoma bajeti mbele ya mtu. Alikopa fedha kwa jina lake mwenyewe na kumpa mfalme, kisha akajilipa kutoka katika kodi za mfalme, na mpaka kati ya mfuko wake na mfuko wa ufalme ulikuwa mwembamba mno. Nikajaribu “mweka hazina”. Hilo nalo lilinikumbusha yule mama wa kwaya anayetunza daftari la michango. Cheo kilipungua mpaka kikawa sanduku.

Kwa wenzangu ambao hawajakutana na Fouquet, habari yake kwa ufupi ni hii. Alizaliwa 1615. Alikuwa bwana wa Vaux, akanunua kisiwa cha Belle-Île na kukiwekea ngome, na huko Vaux-le-Vicomte akajenga kasri kwa kazi ya Le Vau msanifu, Le Brun mchoraji na Le Nôtre fundi wa bustani. Tarehe 17 Agosti 1661 alimkaribisha mfalme humo kwa karamu kubwa. Tarehe 5 Septemba mwaka uleule alikamatwa Nantes na d’Artagnan, yuleyule ambaye riwaya zilimpa umaarufu baadaye. Kesi ilichukua miaka mitatu. Mahakama ilimhukumu kufukuzwa nchini. Mfalme akaona adhabu hiyo ni nyepesi, akaigeuza kifungo cha maisha. Alifia ngomeni Pignerol mwaka 1680. Mafundi wale watatu walichukuliwa wakamfanyie mfalme kazi Versailles, cheo cha surintendant kikafutwa, na Colbert akapewa kingine kiitwacho contrôleur général.

Nilikuwa nikilalamika juu ya duara lile jekundu chini ya miembe ya chuo, ndipo mwenzangu mmoja wa promosheni, mwenyeji wa Boga, akaniambia: “Yaya, mbona unahangaika na Ufaransa? Waganda walikuwa na mtu kama huyo, na jina la kazi yake lipo. Ni Omuwanika.”

Nikacheka kidogo. Boga iko kusini mwa Bunia, na watu wa huko hawakosi kutukumbusha kwamba Mganda Apolo Kivebulaya aliwaletea kanisa tangu 1896 na kwamba kaburi lake liko kwao. Nilidhani ni sifa za nyumbani tu. Lakini nilipoanza kusoma juu ya Omuwanika wa kwanza wa mkataba wa 1900, Zakaria Kizito Kisingiri, niliacha kucheka. Maneno yangu mawili yaliyonishinda, la cheo na la ardhi, yalikutana katika mtu huyo mmoja.

Mtoto mfalme na walezi watatu

Habari ya Kisingiri haiwezi kueleweka bila mwaka 1897, na mwaka 1897 una mzizi wake mmoja hapa kwetu Ituri. Baada ya Emin Pasha kuondoka na Stanley, askari wake Wasudani walibaki kwa Kavalli, juu ya ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, upande wetu wa maji. Mwaka 1891 Lugard aliwafuata huko, akawavusha pamoja na mkubwa wao Selim Bey, wakawa bunduki za Waingereza katika Uganda. Wanafunzi wa historia wanapita juu ya jambo hili haraka, kana kwamba Buganda ilikuwa dunia nyingine. Nguvu iliyosimama nyuma ya utawala mpya wa Mengo, kwa sehemu, ilitoka katika vilima vyetu.

Mwezi Julai 1897 Kabaka Mwanga alitoroka mji wake na kuasi. Miezi michache baadaye baadhi ya askari Wasudani nao wakaasi. Waingereza na machifu Wakristo walimwondoa Mwanga katika kiti, wakamweka mwanawe Daudi Chwa, aliyezaliwa Agosti 1896, yaani mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto hawezi kutawala. Wakachaguliwa walezi watatu wa ufalme: Apolo Kagwa, Mprotestanti, aliyekuwa Katikkiro, Stanislas Mugwanya, Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri, Mprotestanti.

Kisingiri alikuwa mtu wa kizazi cha “wasomaji”, wale vijana wa ikulu waliojifunza kusoma kwa wamisionari wakati ambapo kusoma kungeweza kukuletea kifo au uchifu. Mwaka 1893 Askofu Alfred Tucker alimpa ushemasi pamoja na wenzake wachache, kati yao chifu mkubwa Nikodemo Sebwato. Wakati huohuo alikuwa Kangawo, yaani mkuu wa saza la Bulemeezi. Shemasi na mkuu wa saza katika vazi moja: msomaji wa leo anaweza kushangaa, ila katika Buganda ya baada ya vita vya dini masaza yenyewe yalikuwa yamegawanywa kwa dini, na uongozi wa kanisa na uongozi wa nchi vilikuwa vikipita katika nyumba zilezile.

Mwishoni mwa 1899 alifika Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa serikali ya Uingereza. Alitumwa kupanga utawala na, zaidi ya yote, kutafuta fedha, kwa kuwa London ilikuwa imechoka kulipa gharama za askari. Mazungumzo yalidumu karibu miezi mitatu. Mapendekezo ya kwanza ya Johnston yaliwaachia Waganda ardhi kidogo zaidi kuliko walivyopata mwisho. Walezi watatu walibishana, wakaomba ushauri kwa wamisionari, wakarudi kubishana tena. Tarehe 10 Machi 1900 mkataba ukatiwa sahihi Mengo. Jina la Kisingiri limo kati ya sahihi hizo, na bado ameandikwa kwa cheo chake cha Kangawo na cha ulezi. Kabaka mwenyewe alikuwa na miaka mitatu.

Neno omuwanika limetoka wapi

Hapa ndipo kitivo chetu kinapohusika, nami nitakaa kidogo.

Mkataba ulimpa Kabaka mawaziri watatu. Kiongozi wao ni Katikkiro, neno ambalo sikulipatia ndugu yeyote katika Kiswahili. Wa pili, Omulamuzi, ni rahisi: shina ni okulamula, na Kiswahili, ambacho mara nyingi hupoteza l iliyo kati ya irabu (Kiganda okuzaala, sisi kuzaa), kina kuamua na mwamuzi. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kusema “Mwamuzi” na sikio likaridhika.

Wa tatu ni Omuwanika, na hapa kuna mtego. Mara ya kwanza niliposikia neno hili niliwaza kuanika, kama tunavyoanika muhogo juani. Niliandika hivyo katika daftari na kujisifu. Ni kosa. Kuanika juani kwa Kiganda ni okwanika, neno jingine kabisa. Okuwanika ni kutundika au kuweka kitu juu, mahali pa usalama. Na eggwanika ni ghala, mahali pa kutunza mali. Sauti nayo inatuonya. W ya Kiganda mwanzoni mwa shina mara nyingi inasimama mahali pa p yetu: okuwa ni kupa, okuwona ni kupona, okuwola ni kupoa. Kwa hiyo ndugu wa okuwanika katika Kiswahili, kama yupo, angeanza kwa p, si kwa irabu. Ninaliandika hili kwa urefu kwa sababu katika promosheni yetu tumezoea kukisia maana ya lugha za jirani kwa kufanana kwa sura, na sura hudanganya.

Basi omuwanika ni mtu wa ghala, anayeweka mali ya mfalme juu, mahali ambapo panya na wezi hawafiki. Zamani mali hiyo ilikuwa nguo za magome ya miti, kauri, majembe, mbuzi. Ilionekana kwa macho. Mkataba ulipoandikwa kwa Kiingereza, cheo hiki kiliitwa kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni “mtunza hazina au msimamizi wa mapato ya Kabaka”, na neno walilotumia kwa msimamizi ni lilelile, kwa asili yake, la contrôleur aliyekuwa Colbert baada ya Fouquet kuanguka. Nilifurahi sana kulikuta hapo, nikadhani tafsiri yangu imekwisha.

Kisha nikasoma kifungu cha 4 cha mkataba. Kinasema mapato ya Buganda yanayokusanywa na serikali ya Uingereza yataingizwa katika mapato ya jumla ya nchi yote iliyo chini ya ulinzi wake. Kodi mpya ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, na kodi ya bunduki, nayo rupia 3, hazikuingia katika eggwanika ya Kabaka. Zilipita mlangoni tu. Kabaka alipangiwa malipo, pauni 1,500 kwa mwaka atakapofika miaka 18, na mawaziri wakapangiwa yao: pauni 400 kila mmoja wakati wa ulezi, na 300 baada yake. Nilichukua kalamu. Pauni moja ilikuwa rupia 15, hivyo pauni 400 ni rupia 6,000. Malipo ya mlezi mmoja kwa mwaka ni kodi ya nyumba 2,000.

Mtu wa ghala alibaki na jina lake, lakini ghala lenyewe lilikuwa limehamia kwa wengine, naye akawa mtu wa mshahara. Ukisema “waziri wa fedha” unampa madaraka ambayo mkataba ulikuwa umeyatoa nje. Ukisema “mtunza ghala” unasahau kwamba alikuwa mmoja wa watu watatu waliotawala Buganda kwa miaka 17, kutoka 1897 mpaka Daudi Chwa alipofikia umri wake mwaka 1914, na kwamba hata baada ya hapo alibaki katika cheo. Mimi naona neno liachwe kama lilivyo, Omuwanika, kwa herufi kubwa, na maelezo yafuate mara moja. Baadhi ya walimu wetu hawapendi tafsiri inayoacha neno geni bila kulivua. Ninawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao.

Maili

Utajiri wa kweli wa Kisingiri haukuwa katika pauni 400. Ulikuwa katika kifungu cha 15.

Kifungu hicho kinaikadiria Buganda yote kuwa maili za mraba 19,600. Ilikuwa hesabu ya kukisia. Nchi haikuwa imepimwa, na upimaji wenyewe ulikuja kuchukua miaka mingi. Kati ya hizo, 9,000 zilizoitwa nyika isiyolimwa ziliwekwa mikononi mwa serikali ya Malkia, na 1,500 za misitu pia. Kabaka alipata 350. Mbogo, mkubwa wa Waislamu, 24. Misheni tatu kwa pamoja 92. Kila mkuu wa saza alipata 8 zake mwenyewe na 8 za cheo. Kila mlezi, na hapo ndipo Kisingiri alipo, alipata maili za mraba 16 zake mwenyewe na 16 nyingine za cheo. Na maili 8,000 ziliwekwa kwa ajili ya machifu na wenye mali 1,000, ambao orodha yao ingetengenezwa na Lukiiko, baraza la watu 89 ambalo walezi haohao walikaa mbele yake. Orodha ilipomalizika, majina yalikuwa zaidi ya 3,000.

Tuielewe 16. Ni kama kilomita za mraba 41, mraba wa kilomita 6 na zaidi kila upande. Zile za cheo zilikuwa zikipita kwa atakayekuja kushika kazi baada yake. Zile zake mwenyewe angeweza kuziuza, kuzigawa, kuwaachia wanawe. Katika Buganda ya kabla ya hapo chifu alikula nchi kwa kadiri Kabaka alivyompenda. Akiondolewa cheo, aliondoka kilimani na watu wake wakapata bwana mwingine. Fouquet angeielewa hali hiyo ya zamani vizuri sana. Kilichomwangusha Fouquet kilikuwa mfalme mwenye miaka 22 aliyetazama bustani za mtumishi wake na kuhesabu. Kisingiri na wenzake walipata ardhi yao kutoka kwa mfalme mwenye miaka 3, na karatasi iliyowalinda haikuwa ya mfalme huyo. Hakuna karamu iliyoweza kuwapokonya.

Sasa neno. Waganda waliipokea maili ya Kiingereza, wakaiita mailo. Sisi pia tunayo, maili, nasi tunaitumia kwa umbali tu. Kwao ikaacha kuwa kipimo, ikawa aina ya umiliki. Mtu husema ana ardhi ya mailo hata kama ni kipande cha kupanda migomba 30. Mwaka 1975 serikali ya Uganda iliifuta kwa amri, katiba ya 1995 ikairudisha, na leo ni mojawapo ya njia nne za kumiliki ardhi katika nchi ile. Sijui neno jingine la mkopo katika lugha za jirani lililofanya kazi kubwa kama hii. Kipimo kilichokuja mfukoni mwa mgeni kilimeza jina la kitu kilichopimwa.

Kwa maana jina lilikuwapo. Ardhi kwa Kiganda ni ettaka. Wakuu wa koo, wanaotunza makaburi ya wazee wao katika vilima fulani, ni abataka, watu wa udongo wenyewe, na mahali hapo ni obutaka. Neno hili naamini ni ndugu wa taka yetu, ambayo kwetu imeshuka cheo mpaka ikawa kitu cha kufagia. Sheria ya mwaka 1900 iligawa maili; haikutaja makaburi. Machifu walipochagua vipande vyao, obutaka nyingi ziliangukia ndani ya maili za watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 abataka walikusanyika na kumshtaki Kagwa na utaratibu wote ule mbele ya Kabaka Daudi Chwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima. Tume ikaundwa mwaka 1924. Mwaka 1926 jibu la Waingereza likawa kwamba mambo yabaki yalivyo. Wakati huo cheo cha Omuwanika kilikuwa mikononi mwa wengine.

Na kuna kifungu kimoja kidogo mwishoni mwa mkataba, cha 22. Kinasema kwamba katika kuufasiri mkataba huu, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili. Nilikisoma mara tatu. Mtafsiri yeyote anapaswa kukijua. Lugha moja ilipewa haki ya kusema, na nyingine ikapewa haki ya kusikiliza, kwa maandishi na kwa sahihi.

Kibanja, kiwanja, udongo

Mwenzangu wa Boga alinisaidia mara ya pili. Nilimwuliza watu waliokuwa wakilima ndani ya maili 16 za Kisingiri waliitwaje. Akajibu kwamba nyumbani kwao sehemu ya mtu ya kujenga na kulima ni kibanja, na Waganda wanasema vilevile. Kibanja ni kiwanja chetu: b yao mahali pa w yetu, kama abantu na watu, okuba na kuwa. Neno ni moja. Lakini kiwanja cha Bunia ni kitu unachonunua, unachojengea ukuta na kupata karatasi yake. Kibanja cha Buganda baada ya 1900 kilikuwa sehemu unayokaa juu ya mailo ya mwingine, unamlipa busuulu kwa mwaka na kumpa sehemu ya mavuno iitwayo nvujjo. Pamba ilipoleta fedha, madai ya wenye mailo yalipanda mpaka sheria iliyoanza 1928 ikaweka kikomo: busuulu isizidi shilingi 10 kwa mwaka. Mtafsiri akiandika “kiwanja” hapo, amewapa wakulima ardhi ambayo hawakupewa. Kosa la herufi moja, na maelfu ya watu wamekuwa wenye mali.

Niliporudi kwa Fouquet, sentensi yake haikuwa rahisi tena. “Alikuwa na ardhi nyingi.” Kwa Kifaransa ni neno moja, terres, katika wingi, na msomaji Mfaransa anasikia ndani yake wakulima, kodi, haki za bwana, mahakama ya bwana. Kwa Kiswahili sanifu “ardhi” ni neno tulilolipata kwa Waarabu, safi, la ofisini, halina mtu juu yake.

Nilimsomea papa sentensi hiyo jioni moja. Papa hakusoma mbali, ila anakijua Kiswahili cha Bunia kuliko mimi. Alizaliwa katika kilima kimoja cha Djugu. Familia yetu ilikimbia wakati wa vita vya 1999 hadi 2003, na waliporudi walikuta shamba la babu lina mtu mwenye karatasi kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja. Karatasi ilisema konsesioni, na namba. Papa hakuwa na karatasi. Alikuwa na mikaratusi aliyoipanda babu na makaburi mawili. Hapa kwetu neno la sheria limetembea njia yake yenyewe: mwaka 1885 dola ya Leopold ilitangaza kwamba terres vacantes, ardhi “tupu”, ni mali ya dola, na sheria ya 1973 ikafanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, ikiahidi katika kifungu cha 389 kwamba haki za jamii zilizo juu ya udongo huo zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ilipita amri hiyo ikisubiriwa, na watu wakipata karatasi za konsesioni juu ya watu. Nyika isiyolimwa ya Johnston na ardhi tupu ya Leopold ni maneno ya lugha mbili, lakini mwandishi anayetazama kutoka mbali ni yuleyule. Asubuhi anaona pori. Hajui kwamba pori ni shamba linalopumzika.

Papa alisikiliza, akasema: “Usiandike ardhi. Andika udongo. Na useme udongo wa nani.”

“Ni wa Fouquet, papa.”

“Wa Fouquet namna gani? Bankambo yake wamezikwa pale?”

Sikuwa na jibu, kwa kuwa babu zake Fouquet hawakuzikwa Belle-Île. Alikinunua kisiwa hicho mwaka 1658. Nikabadilisha sentensi. Badala ya “alikuwa na ardhi nyingi” niliandika: “Udongo wa Vaux na wa Belle-Île ulikuwa kwa jina lake, na waliokaa juu yake walimlipa.” Ni ndefu mara tatu kuliko Kifaransa. Cheo chake nilikiacha surintendant, nikaongeza mstari mmoja chini: mtu wa ghala la mfalme, kama Omuwanika wa Buganda, ambaye mfuko wake na mfuko wa bwana wake vilitazamana.

Zoezi lilirudi likiwa na 13 juu ya 20. Mwalimu aliukubali mstari wa chini. Sentensi ya udongo aliipigia alama ya kuuliza na kuandika kwamba nimeongeza mtu ambaye hayumo katika Kifaransa. Nilikwenda ofisini kwake, nikamweleza habari ya kibanja na kiwanja. Alinyamaza, akachukua daftari la msamiati ambalo kitivo kinatengeneza kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akalifungua penye terres. Katika safu ya Kiswahili palikuwa pameandikwa “ardhi”, peke yake. Aliniazima kalamu nyekundu, nikaongeza “udongo”, nikaongeza “mailo”, na baada ya neno la tatu nikaacha nafasi.